Mhariri, poti ilikuwa moja tu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua, najua barua ndefu huwa mnazikata ila hii msiikate sana maana imeshaleta maneno kwenye familia yangu. Wiki mbili zilizopita kwenye toleo la mwisho wa wiki mlitoa ukurasa mzima kuhusu utu wa mtu, mkasema kwa mujibu wa Sigmund Freud, yule daktari wa Vienna aliyeanzisha uchanganuzi wa nafsi, tabia zako zote zinakuwa zimeshaamuliwa kabla hujafikisha miaka mitano, halafu chini mkaweka maswali kumi ya kujipima. Maswali sina ugomvi nayo, hata mimi nilijipima. Ila mdogo wangu, mwanaume wa miaka 34 ambaye ubahili wake ukoo mzima unaujua, aliupiga picha ule ukurasa akaurusha kwenye grupu la familia na chini akaandika: "Mama, usinielewe vibaya, ila soma pale kwenye mambo ya poti."

Kwa wasiousoma, pale mliandika kwamba mtoto akilazimishwa kujisaidia kwenye poti mapema na kwa ukali basi atakua mchoyo, mbishi, na mtu wa kupanga panga vitu mpaka awachoshe wenzake.

Mama alikaa kimya siku nzima. Usiku ndo akatuma ujumbe wa sauti, haufiki hata sekunde kumi na tano: "Mwanangu, poti ilikuwa moja, ile ya bluu, mmeikalia wote wanne. Mbona mwenzako akiombwa anatoa?"

Tulicheka, mdogo wangu akanuna akatoka kwenye grupu, na mimi ndo nikaanza kutafuta kusoma kwa undani, kwa sababu nilihisi mama amegusa kitu ambacho ukurasa wenu haukukigusa kabisa.

Ni kweli Freud aliandika habari hiyo, ni makala fupi ya mwaka 1908. Alisema kwa baadhi ya wagonjwa wake ameona tabia tatu zinatembea pamoja: kupenda utaratibu, kubana matumizi na ukaidi, akazifunga na kipindi mtoto anapofundishwa kujizuia haja. Waliokuja baadaye wakapima, na kwa kweli hizo tabia tatu mara nyingi unazikuta kwa mtu mmoja, hapo mzee jicho lake halikukosea. Ila kuzirudisha mpaka kwenye poti hapo ushahidi haujasimama. Yaani alichokiona kilikuwepo, sababu aliyoitoa ndo ina matatizo, na hii mtaiona inajirudia sana kwenye habari zake, anaona vizuri halafu anaeleza kwa haraka.

Na wala sitaki nionekane namdharau. Mtu aliyekaa pale Berggasse namba 19, Vienna, kuanzia 1891 mpaka Wanazi walipomfukuza 1938 akiwa mzee wa miaka 82 na kansa ya taya, akaenda kufia London mwaka uliofuata, huyo sio mtu wa kuchekwa na mimi. Na mnajua kitu gani kinanifurahisha zaidi kwenye historia yake? Jina la tiba yenyewe, tiba ya kuongea, hakulitunga daktari, alilitunga mgonjwa. Kulikuwa na binti anaitwa Bertha Pappenheim, kwenye kitabu cha 1895 wamemficha kwa jina la Anna O., alikuwa mgonjwa wa Josef Breuer rafiki yake Freud, na yeye ndo aliyesema hii ni tiba ya kuongea, mara nyingine kwa utani akiiita kufagia dohani. Kwahiyo kitu chote kilianza na mtu mwenyewe kusema habari zake na mwingine kukaa kimya akamsikiliza, sio dakika moja kama zile klipu za saikolojia za mitandaoni, ni saa nzima, siku tano sita kwa wiki, miezi na miezi.

Sasa linganisheni na mdogo wangu na ile picha ya ukurasa.

Hapa kuna kitu cha maneno nataka nikiseme maana ukurasa wenu uliandika idi, ego na supaego, zile sehemu tatu ambazo Freud aliigawa nafsi, kama vile ni majina ya dawa. Kwenye kitabu chake cha 1923 Freud alitumia Kijerumani cha kawaida kabisa, kile ambacho mtoto wa shule anakielewa: Lile, Mimi, na Mimi-wa-juu. Ni waliomtafsiri kwa Kiingereza ndo wakaenda kuchukua Kilatini, nasi tukapokea Kilatini hicho hicho. Ila Kiswahili kilikuwa na njia yake tayari. Mtu akifanya jambo la ajabu akaulizwa, anasema "sijui nini kilinipata", au "shetani alinipitia". Sikilizeni hiyo, kilinipata, sio nilifanya. Hicho kilichompata ndo Freud alikiita Lile, kitu kiko ndani yako, kinataka, hakijui kusubiri, na we mwenyewe unakiongelea kama mgeni aliyepita njia. Tofauti ni kwamba Freud asingekubali kwamba kimepita tu, angekwambia kinaishi humo humo.

Hata zile mbinu za nafsi kujikinga na ukweli unaouma, ambazo binti yake Anna Freud alizipanga vizuri kwenye kitabu cha 1936, wengi tunazijua bila kusoma. Kumwona mwenzako na kasoro uliyonayo we mwenyewe, tunasema nyani haoni kundule. Kukosa kitu halafu ukajifanya hukukitaka, sizitaki mbichi hizi. Nadhani ndo maana mambo haya yanaingia kirahisi sana kwa watu, yanasikika kama kitu ulichokuwa unakijua, na kitu kinachosikika hivyo ni hatari kidogo maana hukiulizi maswali.

Nitoe mfano wangu mwenyewe. Kazini tulikuwa tunamuaga bosi, mimi nikapewa kusema neno kwa niaba ya wafanyakazi, nimesimama nimejiandaa vizuri kusema tunasikitika sana kuondoka kwako, mdomo ukatoa "tunafurahi sana kuondoka kwako". Ukumbi ulilipuka. Kuna mwenzetu mmoja, huyu ni mtu wa kusoma posti za saikolojia kutwa nzima, akapiga kelele kutoka nyuma "Freud huyo!", maana Freud alisema ulimi ukiteleza umetoa la moyoni. Wiki nzima hakuniacha. Nikisema jamani ni ulimi tu, ulimi hauna mfupa, anajibu unaona sasa, unakana, na kukana ndo dalili yenyewe. Siku moja nimechoka nikamwambia haya nakubali nilifurahi, akasema si nilikwambia. Yaani ukikubali kashinda, ukikataa kashinda, ukinyamaza ndo kabisa.

(Kama mnataka kujua, nilifurahi kidogo. Lakini hiyo ni habari yangu na bosi.)

Freud mwenyewe ana mfano unaofanana na huo, wa spika wa bunge la Austria aliyesimama kufungua kikao akatangaza kimefungwa, Freud akasema ni kwa sababu moyoni hakutegemea jema lolote kwenye kikao hicho. Inawezekana. Ila wanaochunguza lugha wanasema maneno yenye maana kinyume yanakaa jirani kichwani, ulimi ukiteleza unachukua la pembeni, hauhitaji siri yoyote. Na kwetu sisi ni mbaya zaidi, fungua na funga tofauti yake ni herufi moja, mwenyekiti wa Kiswahili anaweza kufunga mkutano asubuhi kwa uchovu tu na bado akawa anaupenda mkutano wake.

Kuna mwanafalsafa Karl Popper, naye mtu wa Vienna, alishalisema hili zamani na mimi naona hakuna aliyelijibu vizuri mpaka leo. Ujanani alikuwa karibu na Alfred Adler, mwenzake Freud wa zamani, huyu ndo mwenye nadharia ya mtu kujiona duni, sio Freud kama mlivyoandika, na aliachana na Freud mwaka 1911. Popper anasimulia kwamba mwaka 1919 alimpelekea Adler habari za mtoto mmoja ambaye aliona hafanani na nadharia ile. Adler akaieleza papo hapo kwa nadharia yake ya kujiona duni, bila kumwona mtoto. Popper akamuuliza unakuwaje na uhakika hivyo? Akajibu ni uzoefu wangu wa mara elfu. Popper akamwambia basi na huyu uzoefu wako sasa umefika mara elfu moja na moja. Hoja yake ilikuwa kwamba nadharia ambayo kila kinachotokea kinaithibitisha, hakuna kitu kinachoweza kuikosoa, hiyo nguvu yake ndo udhaifu wake. Mwenzetu wa kule nyuma ya ukumbi nilimtumia hii habari. Akajibu kwamba Popper alikuwa na hasira na baba yake.

Nirudi kwenye lile la bila kumwona mtoto, maana ndo lililonikalia. Kesi maarufu kuliko zote za mtoto kwenye kazi za Freud ni ya Hans mdogo, ilichapishwa 1909, mtoto wa miaka mitano anaogopa farasi. Freud kwenye ule uchunguzi alionana na mtoto mara moja tu, yaliyobaki baba wa mtoto ndo aliyekuwa anamuuliza maswali na kumpelekea Freud maandishi. Jibu likatoka kwamba farasi ni baba, mtoto anamwonea baba wivu kwa ajili ya mama. Sasa mtoto mwenyewe alikuwa ameshasema kwamba aliona farasi anayevuta basi la abiria akianguka barabarani, akirusha miguu. Mtoto wa miaka minne mitano anaona mnyama mkubwa vile anaanguka na kurusha mateke, jamani, si ataogopa?

Na hiyo habari ya mtoto kumwonea baba wivu nayo ilipelekwa mbali ikapimwa. Bronislaw Malinowski, mtafiti wa mila za watu, alikaa visiwa vya Trobriand huko Pasifiki, watu wa kule ukoo unafuata mama, na anayemkemea na kumwamrisha mtoto sio baba ni mjomba, baba ni mtu wa kucheza naye tu. Akaandika kwenye miaka ya 1920 kwamba uhasama wa kijana kule haumwendei baba, unamwendea mjomba. Wafuasi wa Freud, Ernest Jones akiwa mbele, wakajibu kwamba hiyo ni njia ya kuuficha uhasama kwa baba. Si mnaona? Mara elfu moja na moja hiyo.

Kuhusu yale madai ya Freud kwamba wanawake wanawaonea wanaume wivu kwa maumbile yao sitasema mengi, Karen Horney, naye mchanganuzi wa nafsi, aliwajibu tangu miaka ya 1920 kwamba mbona hamzungumzii wanaume wanavyowaonea wanawake wivu kwa kuzaa, na mimi naona jibu lile lilitosha.

Sasa mtasema haya ni ya zamani, leo yanatuhusu nini. Mhariri, yanatuhusu mpaka kwenye meza ya kazi. Kwenye kampuni moja niliyofanya kazi kabla ya hapa nilipo waliletewa kipimo cha utu, kile cha herufi nne, watu wanagawanywa aina 16, na kila mmoja akabandikiwa herufi zake mezani kama bei. Mimi nikatoka ekstrovati, yaani mtu wa kupenda watu. Mtu wa rasilimali watu akafurahi, nikatolewa kwenye hesabu nilikokuwa nimetulia nikawekwa kupokea wateja. Baada ya wiki tano nikafanya tena kile kile, nikatoka introvati, mtu wa kujitenga na utulivu wake. Nikapeleka karatasi nikiomba nirudishiwe daftari zangu, nikaambiwa matokeo ya kwanza ndo rasmi. Nilikaa pale miezi saba nikitabasamu.

Kipimo kile mizizi yake ni Carl Jung, ambaye naye alikuwa kipenzi cha Freud mpaka wakagombana wakaachana kabisa 1913. Maneno ya introvati na ekstrovati yalienea kwa kitabu chake cha 1921. Halafu Marekani mama mmoja, Katharine Briggs, na binti yake Isabel Myers, ambao hawakusomea saikolojia, wakakipenda kile kitabu, na wakati wa vita vya pili vya dunia binti akaanza kutengeneza maswali ya kusaidia watu wapate kazi zinazowafaa. Nia nzuri tu. Lakini Jung mwenyewe alishaandika kwamba kuwapanga watu kwenye makundi ya aina hiyo ni mchezo wa kitoto wa sebuleni. Kwake yeye kila mtu ana pande zote mbili, unachouliza ni upande upi umeachwa gizani. Swali hilo huwezi kulibandika mezani.

Sijui kama mtaniamini ila baada ya yote haya sijatoka nikichukia uchanganuzi wa nafsi. Nimetoka nikiwapenda wale watoto wake waliokubali kwenda kuangalia. Kuna Aaron Beck, daktari wa akili wa Marekani, alisomea kazi hiyo hiyo, akaamua kuchunguza ndoto za watu wenye sonona ili athibitishe maneno ya Freud kwamba sonona ni hasira iliyogeuzwa ndani. Hasira hakuiona kama alivyotegemea, aliona ndoto za watu wanaopoteza, wanaoshindwa, wanaokataliwa. Mwingine angesema hasira imejificha. Yeye akageuza njia, na kutoka hapo, miaka ya 1960, ikatoka tiba ya kurekebisha mawazo ambayo leo ukienda kwa mshauri nasaha una nafasi kubwa ya kuikuta.

Na kuna John Bowlby, daktari wa akili wa Uingereza. Huyu ndo naomba mumwandikie ukurasa. Alipokuwa anajifunza uchanganuzi wa watoto, msimamizi wake alikuwa Melanie Klein, jina kubwa sana. Bowlby anasimulia alipewa mtoto wa kiume wa miaka mitatu asiyetulia, mama yake ndo alikuwa anamleta kila siku, anakaa nje anasubiri, na mama mwenyewe unamwona kabisa ana wasiwasi hayuko sawa. Klein akamkataza asiongee na mama. Kwake kilichokuwa na maana ni kilichomo ndani ya kichwa cha mtoto. Baada ya kama miezi mitatu Bowlby akapata habari kwamba yule mama kalazwa hospitali ya akili, na anasema Klein alichojali ni kwamba mtoto sasa hana wa kumleta. Mimi niliposoma hapo niliweka simu chini.

Bowlby akatoka hapo akatumia maisha yake kusema kitu ambacho wenzake wengi hawakutaka kukisikia, kwamba mtoto anamshika mama kwa sababu anahitaji mahali salama, na kinachotokea kweli kati yao kina uzito kuliko anayojiwazia kichwani. Aliyempa nguvu kubwa ni mtafiti mwanamama Mary Ainsworth, na hii ukurasa wenu haukuigusa hata kwa sentensi moja, jambo la aibu kidogo kwa gazeti la Kiswahili, maana kazi yake ya mwanzo aliifanya Uganda. Alifika 1954, akawa anazitembelea familia 26 vijijini karibu na Kampala, nyumba kwa nyumba, miezi kadhaa, na mkalimani pembeni. Alianza na swali la kuachishwa ziwa. Akakaa. Akaangalia nani mtoto anamfuata kwa kutambaa, analia nani akitoka, anamrudia nani akiogopa, na akina mama akawauliza wenyewe. Wale waliojua kueleza vitu vidogo vidogo vya watoto wao, huyu anafanya hivi akiwa na usingizi, huyu hapendi hivi, watoto wao walikuwa wametulia zaidi, wanaenda kuchezea mbali kidogo halafu wanarudi. Kitabu kilitoka 1967. Haya mambo ya mshikamano wa mtoto na mzazi ambayo mnayaona kwenye klipu, sijui wewe ni mtu wa mshikamano wa wasiwasi au wa kukwepa, sehemu kubwa ya chimbuko lake ni kwenye nyumba zile. Na hata hapo watafiti wenyewe hawasemi ukifika miaka mitano basi, mtu anabadilika, ndoa nzuri inambadilisha, mshauri mzuri anambadilisha, na mabaya pia yanambadilisha.

Kwahiyo ombi langu ni dogo. Mkiandika tena, rekebisheni ile ya Adler, ondoeni hiyo "zimeshaamuliwa", na kwenye maswali ya kujipima wekeni maelezo kwamba ni ya kujipima, sio ya kumpimia mama yako kwenye grupu.

Mdogo wangu amerudi kwenye grupu juzi, hajasema kitu, ametuma tu picha ya kabati lake la nguo alivyolipanga kwa rangi, mama akamwekea moyo. Na mimi nilipomwambia mama kwamba naandika barua gazetini, amesema niwaambie ile poti bado anayo stoo, kama mwandishi wenu anaihitaji kwa utafiti aje aichukue, ila airudishe.

Wenu,
Msomaji wa siku nyingi